Kusini mwa Pangyo

Asubuhi ambayo mwandishi wa programu kutoka Pangyo, mji wa kampuni za kompyuta karibu na Seoul, alikuwa aje, Miran alipanda ngazi za ofisi akakuta viatu vimepangwa mlangoni jozi kwa jozi, visigino vikitazama ukuta, kama kwenye nyumba yenye msiba. Ofisi ya kisasa haina viatu mlangoni. Hilo hata yeye, aliyezaliwa na kukulia Danho kwenye mashamba ya vitunguu saumu, alikuwa analijua.

"Nani amewaambia mvue viatu?" aliuliza huku akiingia mbio.

Ndani, shemeji yake Pilgu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, soksi yake imetoboka kwenye kidole gumba. Mkewe alikuwa kando yake, na nyuma yao vijana wawili wa kwaya ya kanisa. Wote wamenyoosha migongo kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

"Sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa, shemeji," Pilgu akasema. "Tungeikanyagaje na viatu?"

"Hapa leo si kwenu, hapa ni kampuni. Vaeni! Na usiniite shemeji. Jina langu nani?"

"Klara."

"Na wewe?"

Pilgu alikuna kichwa. "Viktor," akasema, na mkewe akaangua kicheko. "Viktor wa matrekta!" mkewe akasema. "Mama yako akisikia atakufukuza ukoo."

Miran hakucheka. Majina hayo aliyagawa mumewe, Dongha, wiki ile ile. Alikuwa amesoma mahali kwamba kwenye kampuni za Pangyo hakuna bosi wala mkubwa, kila mtu hujipachika jina la kigeni, na mtoto wa juzi humwita mkurugenzi jina hilo hilo bila heshima yoyote. Dongha aliona jambo hilo ni wazimu, lakini alikuwa amefika mahali pa kukubali wazimu wa aina yoyote.

Kampuni yao ndogo iliitwa Iut, maana yake jirani. Walifunga visanduku kwenye nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Kisanduku kilisikiliza umeme na maji: mzee akiwasha taa au kufungua bomba, kitone chake kwenye skrini kubwa ya ukutani hubaki kijani. Asipogusa chochote kwa muda mrefu, kitone hugeuka chekundu, na simu ya ofisi hulia ili mtu aende kutazama. Programu yote iliandikwa na kijana mmoja, Munseok. Majira ya kuchipua Munseok aliaga akaenda zake Pangyo, na tangu siku hiyo hapakuwa na mtu Danho aliyejua ndani ya programu ile kuna nini.

Dongha alitangaza kazi kila mahali. Hakuna aliyeomba. Binti yao Borami, aliyekuwa chuoni Seoul, ndiye aliyemfungua macho kwenye simu. "Baba, hujui kuna mstari? Waandishi wa programu hawavuki Pangyo kwenda kusini. Pangyo ni mwisho wao wa dunia. Wakitoka kazini wanataka kahawa, mazoezi, treni, watu wa rika lao. Huko kwenu watatoka waende wapi, shambani? Halafu umeandika 'sisi hapa ni kama familia'. Futa hiyo! Kijana akisoma 'familia' anajua atafanyishwa kazi kama punda na hatalipwa muda wa ziada."

Basi Dongha akafuta familia kwenye tangazo, kisha akaijaza familia yenyewe ofisini, ijifanye wafanyakazi. Alipaka kuta rangi nyeupe. Alinunua kiti kimoja kile wanachokipenda watu wa programu, won milioni moja na nusu, kiti ambacho Miran aliogopa hata kukifuta vumbi. Aliazima mashine ya kahawa kwenye ukumbi wa harusi. Mtu mmoja akajibu tangazo, mwanamke aitwaye Seha, akasema atakuja kuona mahali penyewe kwanza. Dongha alilia chooni kwa furaha, akidhani mkewe hasikii.

Hayo yote Miran angeyachekea siku nyingine. Kilichokuwa kinamtafuna ni mzee Bae.

Siku chache nyuma mzee Bae alianguka bafuni kwake akalala sakafuni kutwa nzima, na kitone chake kikabaki kijani. Kilichomwokoa ni jirani aliyeenda kuazima ngazi. Afisa Noh wa ustawi wa jamii alipouliza, Dongha alijibu bila kupepesa macho kwamba mzee mwenyewe alikuwa amechomoa kisanduku. Mzee Bae, hospitalini na nyonga iliyovunjika, aliomba msamaha. Miran alisimama pale pale akimsikia mzee wa watu akiomba msamaha kwa kosa lisilo lake, naye akanyamaza.

Tangu hapo hakuuamini ule ubao wa vitone. Kila asubuhi alianza kuwapigia simu wazee, mmoja mmoja, akijifanya ana porojo. Umeamkaje, bibi? Kabichi ya kimchi imeiva? Miguu inaendeleaje? Akisikia sauti, alihamia kwa mwingine.

"Leo hupigi," Dongha akamwambia sasa, akitokea jikoni na mashine ya kahawa mikononi. "Yule dada akikukuta unapiga simu kama muuza bima, atauliza kwa nini. Utamjibu nini?"

"Baba Borami, jana joto lilikuwa kali. Usiku wote hapakuwa na upepo."

"Ubao si huo? Tazama. Kijani chote."

"Hata mzee Bae alikuwa kijani."

"Kisanduku kimoja kibovu!" Alisema kwa kunong'ona ili nduguye asisikie. "Kimoja, Miran. Tukimpata huyu mtu atakitengeneza, atatengeneza na vingine. Tusipompata, mkataba wa ustawi wa jamii unakwisha na hao wazee watabaki bila chochote. Kwa hiyo unamsaidia nani ukiharibu leo?"

Hapo simu zote za mle ndani zililia kwa pamoja, kelele ile ya tahadhari inayomshtua mtu hata awe ameizoea. Tangazo la serikali la joto kali. Wazee wasitoke nje. Vijana wa kwaya walizima simu zao. Miran aliingiza yake mfukoni, na mkono ukabaki humo humo mfukoni umeishika.

*

Seha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, begi mgongoni, macho yamezama kama ya mtu aliyeuguza. Alisimama kwanza dirishani. Chini kulikuwa na duka la pembejeo, stendi ya mabasi, na mbele yake mashamba mpaka milimani.

"Kumetulia," akasema.

"Kunaboa kidogo," Dongha akasema haraka, halafu akajirekebisha, "lakini kuna duka la kahawa linafunguliwa hivi karibuni. Na treni, wanasema treni..."

"Sitaki treni." Seha akatabasamu. "Jengo letu kule watu wanaliita mnara wa taa, kwa sababu halizimwi taa. Mwaka uliopita jirani yangu wa mezani alizimia akiwa anaandika. Tulimpepea, akaendelea. Mimi nikamshukuru Mungu kwamba aliendelea, maana kazi yake ingeniangukia mimi. Siku hiyo nikajiogopa."

Pilgu alianza kubonyeza vitufe vya kompyuta kwa vidole viwili, kwa nguvu kama anafungua nati. Kwenye skrini yake kulikuwa na mistari ya programu aliyoiacha Munseok, na jasho lilikuwa linamtoka hadi kwenye nyusi.

Seha alizunguka polepole. Aligusa kile kiti. Akakikalia, akaegemea, akafumba macho, na Dongha akamtazama mkewe kwa macho yanayosema umeona. Seha aliuliza kama watu wanaondoka jua likiwa bado lipo. "Kila siku!" Dongha akasema, na hilo lilikuwa kweli. Akauliza kama kuna chakula. "Tunapikiwa hapa hapa." Nalo, kwa siku hiyo, lilikuwa kweli, kwa kuwa mama yake Dongha alikuwa jikoni tangu alfajiri akipika mchuzi wa soya na majani ya kukaanga.

"Na wenzangu hawa?" Seha akauliza. "Viktor, wewe unashughulika na nini?"

"Mimi?" Pilgu akameza mate. "Mimi ni... mambo ya injini."

"Injini ya utafutaji?"

"Hiyo hiyo. Ikikataa kuwaka natafuta tatizo." Akamgeukia Miran kwa jicho la mtu anayezama. "Si ndiyo, shemeji?"

Seha aliinua nyusi. "Shemeji?"

"Utani wa hapa," Dongha akasema, na kicheko chake kikatoka kikavu. "Tunataniana sana. Huyu anaitwa shemeji, huyu mjomba. Watu wa mkoani, unajua tena."

"Vizuri," Seha akasema. Na kwa namna alivyolisema, Miran alijua kwamba yule dada ameamini, na kwamba alikuwa anataka sana kuamini. Kumdanganya mtu wa namna hiyo ni rahisi, na Miran aliona aibu ikimpanda shingoni.

Alijibanza ngazini akampigia bibi Gannan, aliyezoea kupigiwa wa kwanza kila siku. Simu iliita. Iliendelea kuita. Mlango ukafunguka, Dongha akatoa kichwa. "Chakula tayari. Rudi ndani, tafadhali. Nakusihi kama ninavyomsihi Mungu."

"Bibi Gannan hapokei."

"Yuko bustanini. Kitone chake nimekitazama mimi mwenyewe, ni kijani. Twende."

Akaenda. Baadaye, kila alipokumbuka, ni hapo alipojilaumu zaidi kuliko popote.

*

Walikula kwenye meza ndefu chini ya ubao. Mama mkwe aligawa wali bila kusema neno, kama alivyoagizwa, ingawa alishindwa kujizuia kumwongezea mgeni samaki na kumpapasa bega kwamba ni mkavu mno. Masikio yake hayakuwa mazuri, na hilo Dongha alilihesabu kuwa bahati.

Seha alikula kwa hamu. Aliweka kijiko chini, akafuta mdomo, akasema, "Mkurugenzi, sina haja ya kuzunguka sana. Kama masharti ni yale mliyoniandikia, naweza kuanza mwezi ujao."

Mke wa Pilgu alipiga makofi, akasita, akaficha mikono chini ya meza.

"Ila kwanza mnioneshe ubao wenu," Seha akasema, akainuka na kikombe chake cha chai ya shayiri. "Huu ndio ulionileta. Nimeandika michezo ya kompyuta miaka yote, sijawahi kuandika kitu cha kumlinda mtu." Akagusa kitone kimoja, maelezo yakafunguka, naye akayasoma kwa sauti ya mtu anayefurahia. "Mtazameni huyu. Bang Cheomsun, kijiji cha Darae. Taa ya jikoni inawaka. Maji ameyafungua sasa hivi. Mchapakazi huyu bibi!"

Mama mkwe alikuwa amejiinamia akikusanya mabakuli. Hakusikia.

Miran alisikia. Bang Cheomsun alikuwa huyo huyo mama mkwe. Kisanduku cha kwanza kabisa walikifunga kwake, na nyumba yake kule Darae ilikuwa imefungwa tangu giza la alfajiri, Pilgu alipomfuata na gari. Hakuna taa iliyokuwa inawaka jikoni kwake. Hakuna bomba lililofunguliwa.

Akamtazama Dongha. Dongha alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa umepauka kama wali, lakini alitikisa kichwa kidogo sana, upande huu na huu. Usiseme. Sahihi kwanza. Usiseme.

Seha alikuwa ameshahamia kitone kingine. "Na huyu pia yuko jikoni. Wote wako jikoni, saa ya chakula hii."

Basi hakikuwa kisanduku kimoja. Ubao mzima ulikuwa maiti iliyopakwa rangi. Ulikuwa unarudia jana, au juzi, na kule nje kwenye joto linaloyeyusha lami kulikuwa na nyumba mia na ushee zenye mtu mmoja mmoja ndani, na hapakuwa na anayejua nani amesimama na nani amelala sakafuni. Miran aliogopa namna ambayo hajawahi kuogopa, hata siku ya kujifungua. Akafikiri: dakika tano tu, asaini, halafu niseme. Akaona ni wazo zuri. Uzuri wake ndio uliomtisha.

"Mama!" aliita kwa nguvu. "Nyumbani kwako kuna nani?"

Mama mkwe aliinua kichwa. "Kwangu? Kuna nani tena? Kuna paka."

"Taa ya jikoni umeiacha inawaka?"

"Mimi? Niache taa?" Bibi alikasirika kweli. "Nimezima mpaka swichi kuu, mwanangu. Umeme wa bei hii niuache uwake bure?"

Seha alitazama ubao. Akamtazama bibi. Akauliza polepole na kwa sauti, "Mama, wewe jina lako nani?"

"Nimeambiwa niseme Helena," mama mkwe akasema. "Lakini ni Bang Cheomsun."

*

Seha akaweka kikombe mezani.

"Mmejua tangu lini?"

"Hatukujua," Dongha akasema. "Naapa..."

"Tangu mzee Bae," Miran akamkatiza. "Kuna mzee alianguka, kitone kikabaki kijani. Tulidhani ni kile kimoja. Tulitaka kudhani hivyo."

"Nani humu ndani anaandika programu?"

Pilgu aliinamisha kichwa. "Dada, mimi natengeneza matrekta. Hawa wanaimba kwaya. Huyu ni mke wangu. Tusamehe."

Seha alivuta kompyuta, akauliza neno la siri, akakaa kwenye kiti cha mbao kilichokuwa karibu. Miran alichukua orodha ya namba, akaichana vipande vipande, akamgawia kila mtu. "Pigeni. Asiyepokea, semeni kwa sauti." Na wale waliokuwa wanajifanya wafanyakazi wakaanza kupiga simu, sauti juu ya sauti, halo bibi, halo babu, upo? Mama mkwe, kwa kuwa hasikii vizuri, alikuwa anawafokea wazee wenzake mpaka sauti ikatoka dirishani.

Seha aliandika bila kuinua macho. "Imejaa," akasema mwishowe, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Mahali pa kupokelea habari pamejaa, haiingizi kipya. Na ikikosa kipya inaonesha cha zamani, badala ya kupiga kelele. Aliyeandika alikuwa na haraka." Akabonyeza.

Vitone vikazima vyote. Mke wa Pilgu akashika mdomo. Kisha vikaanza kurudi, kimoja kimoja, kijani, kijani, na kitone cha Darae kikarudi chekundu, kama ilivyostahili nyumba tupu. Vikaja vyekundu vingine. Mmoja yuko kwa bintiye mjini Daegu, akasema kijana wa kwaya. Mmoja yuko sokoni, nimeongea naye. Kikabaki kimoja ambacho hakuna aliyekuwa na la kusema juu yake. Maji, mwisho jana jioni. Taa, mwisho jana jioni.

"Bibi Gannan," Miran akasema, na tayari alikuwa anashuka ngazi.

*

Pilgu aliendesha kama kichaa. Mlango wa ua ulikuwa umerudishwa tu. Ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya mkojo. Bibi Gannan alikuwa amelala ubavu kati ya jokofu na ukuta, mguu mmoja umekunjika vibaya, midomo imepasuka. Karibu na mkono wake kulikuwa na simu ya mezani aliyoivuta kwa waya mpaka ikaanguka, lakini ikaangukia mbali na vidole vyake. Kwa hiyo alikuwa ameisikia ikiita.

"Bibi. Bibi, ni mimi."

Macho yakafunguka nusu. "Maji," akasema.

Watu wa ambulansi walikuja, wakamtundikia dripu pale pale sakafuni. Mmoja wao akauliza amekaa hivyo tangu lini. Miran akajibu tangu jana jioni. "Mmejuaje?" Akasema mashine imeonesha. Majirani walikuwa wamejaa uani, na mwanamke mmoja akamshika Miran mikono yote miwili, akalia. "Mungu awabariki, Mama Borami. Bila ninyi angekufa kama mbwa. Sisi majirani hapa hapa hatukujua, ninyi wa mjini mmejua!" Miran alitaka kuivuta mikono yake, lakini yule mama hakuiachia mpaka ambulansi ilipotoka.

Ofisini jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Ndugu walikuwa wamekwenda zao. Dongha alimpokea mlangoni, macho yanang'aa.

"Yuko hai? Hospitali wamesema ataishi?"

"Ataishi."

"Basi tumeokoka!" Akamshika mabega. "Huoni? Kitone kimekuwa chekundu, sisi tumekwenda, bibi yuko hai. Ndiyo kazi yetu hiyo! Afisa Noh ameshasikia, amepiga simu mara mbili kutushukuru. Hakuna anayejua mengine, Miran. Na hakuna haja ya kujua."

Seha alikuwa amesimama nyuma yake, begi mgongoni.

"Nimesafisha palipojaa," akamwambia Miran, si Dongha. "Patajaa tena, sijui lini. Msiutegemee ubao. Watu wa ustawi wajue leo, watume wa kugonga milango mpaka programu iandikwe upya."

"Tukiwaambia," Dongha akasema, na sauti yake ikawa kama ya mtoto anayepatana, "utabaki?"

Seha alitazama zile kuta nyeupe, dirisha, mashamba. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilikuwa nimeshabaki," akasema. "Nilipokuwa nakula wali nilikuwa nachagua moyoni nitapanga nyumba upande gani. Lakini wale watu niliotaka kufanya nao kazi hawapo. Hapana, mkurugenzi. Sibaki. Nisikudanganye, maana leo mmedanganya kwa niaba yetu sote."

Akainama kwa adabu, akashuka ngazi. Walisikia basi likiunguruma stendi, kisha likiondoka.

Dongha aliketi kwenye kile kiti cha won milioni moja na nusu. "Kama habaki," akasema, "basi tuseme ili iweje? Niambie wewe. Mkataba ndio huo mmoja. Ukienda, ofisi imekwenda, nyumba imekwenda, Borami anarudi kutoka chuo. Na kuhusu mzee Bae nilisema nini? Watanifunga, Miran."

"Huenda."

"Huogopi?"

"Naogopa, Baba Borami." Akavuta simu karibu. "Lakini usiku unakuja, na joto halijapungua."

Akainua simu. Dongha alinyoosha mkono juu ya kitufe cha kukata, ukakaa hapo hewani. Alimtazama mkewe, na mkono haukushuka wala haukuondoka. Upande wa pili simu ikapokelewa kabla haijaita vizuri.

"Mama Borami!" Ilikuwa sauti ya afisa Noh, changa, imejaa furaha. "Ofisi nzima tunawazungumzia! Nimewaambia wakubwa, wale watu wa Iut wasiguswe. Tena wanataka kuwapa wilaya ya jirani muihudumie. Umesikia? Halo?"

"Nimesikia, Bwana Noh." Akautazama ubao. "Una watu wangapi wenye magari hapo, wanaoweza kutoka sasa hivi?"

"Sasa hivi? Wawili watatu. Kwa nini?"

"Hawatoshi. Tafuta wengine. Wape orodha yote ya wazee, wagonge kila mlango mpaka mtu aitike. Watume kwanza. Wakishatoka nipigie, nikueleze kuhusu mzee Bae."

Furaha ya upande wa pili ikakatika. Miran alimsikia afisa Noh akiacha simu mezani na kuanza kuita watu kwa majina.